Akili Nayo Ipimwe Kliniki ya Presha

Siku ya kliniki ya presha inafanana karibu katika kila kituo cha afya. Wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi, kadi mkononi. Mmoja mmoja anaitwa, anapanda mzani, anafungwa mkanda wa kipimo mkononi, tarakimu mbili zinaandikwa. Mwenye kisukari anatobolewa kidole. Kisha anaulizwa kama dawa anakunywa, naye anajibu kwamba anakunywa. Anapewa vidonge vya mwezi mzima na tarehe ya kurudi. Tangu benchini hadi dirisha la dawa, hakuna aliyekigusa kiungo ambacho kliniki hiyo ipo ili kukilinda. Presha tunaipima kwa sababu tunaogopa kiharusi, na kiharusi ni maradhi ya ubongo. Ninalotaka kulitetea leo ni hili: kila mwenye umri wa miaka 60 na zaidi anayehudhuria kliniki kwa ajili ya presha, kisukari au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na kila aliyewahi kupata kiharusi kidogo hata kama umri wake ni mdogo kuliko huo, apimwe pia uwezo wake wa kukumbuka, kufikiri na kupanga mambo. Kipimo kiwe kifupi, kifanyike angalau mara moja kwa mwaka, na majibu yake yaandikwe kwenye kadi ileile penye tarakimu za presha.

Tumezoea kukiona kiharusi kama jambo la ghafla. Jana mtu alikuwa mzima, leo mdomo umepinda, mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu, maneno hayatoki. Ni kweli kwamba kinapiga ghafla, lakini ndani ya kichwa mambo huwa yameanza zamani. Presha ikikaa juu miaka mingi hukakamaza na kuziba mishipa midogo kabisa, ile inayopenya hadi katikati ya ubongo na kulisha njia zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Anayeijua mifereji ya asili ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro ataelewa upesi: maji yakipungua, shamba la mwisho wa mfereji ndilo hukauka kwanza, na mwenye shamba la juu hana habari. Makovu madogo yanayotokana na ukavu huo hayapindishi mdomo wa mtu wala hayamwangushi. Wataalamu huyaita viharusi vya kimya. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapiga picha za ubongo wazee wa kawaida waliokuwa wakiishi majumbani mwao, wakakuta kwamba takriban mmoja katika kila watano ana makovu ya kiharusi ambacho mwenyewe hakukijua. Walipoendelea kuwafuatilia, na majibu yakatolewa mwaka 2003, ilionekana kwamba wenye makovu hayo walikuwa katika hatari mara mbili hivi ya kupata dimenshia, yaani ule upungufu wa akili unaofika mahali mtu hawezi tena kujiendeshea maisha yake ya kila siku. Mwaka 2009 Sarah Pendlebury na Peter Rothwell wa Oxford walizikusanya tafiti nyingi za wagonjwa wa kiharusi na kuzipima kwa pamoja. Waliona kwamba mgonjwa mmoja katika kila kumi alikuwa tayari na dimenshia kabla ya kiharusi chake cha kwanza, mwingine katika kumi aliipata baada ya kiharusi hicho, na kiharusi kikirudi, wanaoipata hupita theluthi. Ninaomba tumfikirie zaidi huyo mmoja wa mwanzo, ambaye akili yake ilikuwa imeshaharibika kabla kiharusi hakijajitokeza. Kama alikuwa akihudhuria kliniki, alipita mbele ya muuguzi mwezi baada ya mwezi.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Kati ya mwaka 2003 na 2006, mradi ulioongozwa na Richard Walker uliwaandikisha wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Tofauti za umri zikishasawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Idadi hiyo ya Dar es Salaam ilizidi ya nchi nyingi tajiri. Katika Hai hiyohiyo, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulikuta kwamba zaidi ya 6 katika kila 100 wana dimenshia, na kwa karibu wanne katika kila kumi miongoni mwao, chanzo kilihusishwa na mishipa ya damu. Wazee wa wilaya hiyo walipopimwa presha, takriban saba katika kila kumi walikuwa nayo juu. Wengi hawakuwa wakijua, na waliokuwa wameidhibiti kwa dawa walikuwa wachache mno. Tukiziweka takwimu hizi pamoja, tunaona kwamba anayeelekea kupata kiharusi na anayeelekea kupoteza uwezo wa akili mara nyingi ni mtu mmoja, mwenye kadi moja, aliyekaa kwenye benchi lile.

Wengi hudhani kwamba akili ikianza kupungua, kusahau ndiko kutakakotangulia. Maradhi ya mishipa midogo mara nyingi hayaendi hivyo. Kinachoanza kupungua ni kasi ya kufikiri, pamoja na uwezo wa kupanga hatua na kubadili mpango jambo likibadilika. Mzee wa namna hiyo anaweza kukusimulia lilivyotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967 bila kukosea, akawataja wajukuu wote kwa majina, na kila anayemsikiliza akasema mzee yuko vizuri. Sasa mpe dawa zake. Kidonge kimoja cha presha asubuhi, kingine cha kupunguza maji mwilini, metformini ya kisukari mara mbili kwa siku baada ya chakula, na aspirini nusu. Safari hii duka la dawa limempa vidonge vya kiwanda kingine, rangi imebadilika, na mwezi uliopita daktari alimwambia kile cha njano aache. Kazi hiyo ya kupanga ndiyo inayomshinda. Anakunywa vingine mara mbili, vingine anaviacha, na akiulizwa kama dawa anakunywa anajibu kwa uaminifu kabisa kwamba anakunywa. Muuguzi anaona tarakimu ziko juu, daktari anaongeza kipimo cha dawa. Siku moja binti yake anatoka mjini, anamsimamia, anamnywesha vyote kama vilivyoandikwa. Presha inashuka mno, mzee anaanguka chooni na kuvunjika nyonga. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Kilichokosekana ni habari moja muhimu, kwamba mgonjwa huyu hawezi tena kujisimamia dawa zake mwenyewe, na habari hiyo ingepatikana kwa dakika kumi.

Pingamizi la kwanza, ambalo ninaliheshimu, ni hili: kuna faida gani kumgundua mtu na ugonjwa usio na tiba? Kikosi kazi cha Marekani kinachoishauri nchi hiyo kuhusu huduma za kinga kilitamka mwaka 2020 kwamba ushahidi uliopo hautoshi kusema kama kuwapima akili wazee wote wasio na dalili kuna faida kuliko hasara. Kauli hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ilihusu wazee wote kwa jumla, wawe na maradhi ya mishipa au wasiwe nayo. Ninaowazungumzia mimi ni watu ambao tayari wako mikononi mwa tabibu, wana maradhi yanayoharibu ubongo, na tayari wanapewa dawa inayoweza kupunguza uharibifu huo, ikiwa tu wataitumia ipasavyo. Na kwamba uharibifu unaweza kupunguzwa, ushahidi upo. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo SPRINT, lenye washiriki zaidi ya 9,300, liliwagawa watu katika makundi mawili: kundi moja tarakimu ya juu ya presha ilishushwa chini ya 120, jingine chini ya 140. Majibu kuhusu akili yalitoka mwaka 2019. Upungufu mdogo wa akili, ile hatua inayotangulia dimenshia, ulipungua kwa takriban 19 katika 100 kwa walioshushwa zaidi. Dimenshia yenyewe nayo ilionekana kupungua, ila tofauti haikutosha kuondoa shaka kwamba ilitokea kwa bahati. Kisha China, katika vijiji 326 vyenye washiriki karibu 34,000, walikabidhi kazi ya kudhibiti presha kwa matabibu wa vijijini wakisimamiwa na madaktari. Baada ya miaka minne, dimenshia ilikuwa imepungua kwa 15 katika 100 ikilinganishwa na vijiji vilivyopewa huduma ya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025, na kwangu yana uzito kuliko ya Marekani, kwa sababu walioifanya kazi ile wanafanana na wahudumu wetu wa zahanati.

Msikilizaji makini atanikamata hapo. Majaribio hayo yalithibitisha faida ya kushusha presha. Hayakuthibitisha faida ya kupima akili. Ni kweli. Jibu langu linapita njia nyingine. Faida ya kushusha presha humfikia anayekunywa dawa sawasawa, na anayeanza kupungukiwa na uwezo wa kupanga mambo ndiye aliye hatarini kuliko wote kuikosa, ingawa ubongo wake ndio unaoihitaji zaidi. Kipimo cha akili kinatuonyesha ni nani huyo, ili tubadili namna ya kumhudumia. Dawa zake zipunguzwe idadi. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeviweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu vidonge vya presha vinavyounganisha dawa mbili ndani ya kimoja, kinachonywewa mara moja kwa siku. Maelekezo apewe pia mtu wa nyumbani anayeishi naye, tena kwa jina, na jina hilo liandikwe kwenye kadi. Tarehe ya kurudi iwe karibu zaidi. Daktari asiongeze kipimo cha dawa kabla ya kuhakikisha kwamba cha zamani kilikuwa kikinywewa. Hakuna hata kimoja katika haya kinachongoja ugunduzi wa dawa mpya. Zaidi ya hayo, kupungukiwa akili si mara zote kunatokana na mishipa. Sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, VVU, kaswende ya muda mrefu, hata dawa nyingine za usingizi na za mzio, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane amechanganyikiwa, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Kwa asiyepimwa, vyanzo hivyo haviulizwi; husemwa ni uzee, basi.

Pingamizi la pili linahusu kipimo chenyewe, na hili ndilo lililonishughulisha zaidi. Vipimo vinavyotumika sana duniani vilitungwa kwa watu waliokaa darasani miaka mingi. Kile kilichotungwa Montreal, Kanada, na Ziad Nasreddine na wenzake, kikachapishwa mwaka 2005, kinamtaka mtu anakili mchoro wa mchemraba, achore saa na mishale yake, atoe saba kutoka mia moja tena na tena, na ataje maneno yanayoanza na herufi fulani. Kinamwongezea alama moja tu mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu. Mpe mama wa miaka 75 ambaye hajawahi kushika kalamu. Ataanguka kwa sababu ya kalamu, na karatasi itasema ana ugonjwa wa akili asio nao. Tukikichukua kipimo hicho kama kilivyo na kukipeleka zahanati, tutawadhalilisha wazee wetu na kuwajaza wasio wagonjwa kwenye foleni za rufaa bila sababu. Wanaopinga kwa hoja hii wako sahihi kabisa, ila kipimo wanachokipinga hatulazimiki kukitumia.

Kuna kipimo kingine kilichotengenezwa hapahapa Hai na huko Ibadan, Nigeria, kinachojulikana kwa jina la IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014 na kundi la watafiti wa Tanzania, Nigeria na Uingereza. Hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa ni siku gani ya juma. Anaulizwa jina la kiongozi wa kijiji au mtaa wake, jambo ambalo mkazi yeyote wa Hai analijua hata kama hamjui waziri. Anaombwa aeleze daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na hapo mfugaji na mkulima hawana sababu ya kumwonea haya mwalimu. Anasomewa maneno kumi, na baada ya muda anaulizwa anayakumbuka yapi. Kisha yanakuja majaribio ya njiti za kiberiti. Mhudumu anapanga njiti nne mezani kwa umbo maalumu, anampa mzee njiti nyingine nne, anamwambia apange kama zile. Anayeangalia huona mengi kwa muda mfupi: je, umbo limekaa sawa, njiti zimeelekea zinakotakiwa, vichwa vyeusi au vyekundu viko upande uleule? Yupo anayezipanga haraka na kutabasamu. Yupo anayeishika njiti ya tatu, akaigeuza, akairudisha, akaiweka juu ya ile ya mfano, asijue iende wapi. Huyo wa pili, kama presha yake ni 170, tumepata habari ambayo mkanda wa kipimo usingetupa. Jumla ya alama ni 15, na mwenye alama chache anapelekwa kwa uchunguzi kamili. Wala hiyo haimaanishi kwamba amehukumiwa kuwa na dimenshia. Kipimo cha awali kinachuja tu, na kuna watakaochujwa kimakosa, hasa wasioona vizuri, wasiosikia vizuri, au waliofika kliniki wakiwa na homa. Kwa hiyo macho na masikio yaulizwe kwanza, na mwenye homa apangiwe siku nyingine.

Muda je? Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa sitini asubuhi moja ataninyooshea kidole, na ana haki. Dakika kumi mara sitini ni saa kumi. Lakini sijaomba dakika kumi za kila mgonjwa kila mwezi. Mara moja kwa mwaka maana yake wagonjwa wagawanywe katika siku zote za kliniki, wapimwe wachache kila mara, na kazi hiyo ifanywe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa, nje kwenye kivuli, wakati mgonjwa anangoja zamu yake. Hata sasa anangoja saa nyingi bila kufanya lolote. Ninachokiogopa zaidi ni kingine: kwamba tutawapata wenye alama za chini na hatutakuwa na pa kuwapeleka, kwa maana madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu katika Afrika Mashariki ni wachache na wako miji mikubwa. Ndiyo maana nimesisitiza mambo yanayowezekana palepale kituoni. Rufaa iwe kwa wachache ambao hali yao inabadilika haraka, au wana dalili za upande mmoja wa mwili, au ni vijana mno kwa hali hiyo. Wengine washughulikiwe na tabibu wao wa kila mwezi. Hata kwa walio na dimenshia tayari kuna la kufanya: Hai hiyohiyo, kundi dogo la wazee walipewa mazoezi ya kuchangamsha akili kwa pamoja, yaliyorekebishwa yaendane na maisha yao, na hali yao ya kufikiri ikaonekana kuwa nafuu.

Linabaki pingamizi la aibu na hofu, na hapa nazungumza kwa uangalifu. Watafiti walipowahoji watu wa Hai kuhusu wazee waliopotewa na kumbukumbu, wengi walisema ni sehemu ya uzee, si jambo la kupeleka hospitali. Kuna maeneo ya nchi yetu ambako bibi anayezungumza peke yake usiku na kupotea njia hushukiwa uchawi, na tunajua kwamba tuhuma hizo zimeua. Mtu anaweza kusema basi tusilibandike jina tatizo hilo. Mimi naona kinyume chake. Tabia isiyo na jina la ugonjwa ndiyo inayotafutiwa jina jingine baya zaidi. Familia ikielezwa na tabibu kwamba mama anasahau kwa sababu presha imeharibu mishipa ya ubongo wake, imepewa maelezo yanayomlinda. Kuhusu hofu ya mgonjwa mwenyewe, jaribio lililofanyika Indiana, Marekani, kwa wazee wapatao 4,000, halikuona kwamba waliopimwa walipata sonona au wasiwasi zaidi kuliko wasiopimwa. Lakini jaribio hilohilo lina onyo: wengi wa wale ambao kipimo kiliwatilia shaka walikataa kuendelea na uchunguzi. Namna ya kuwaambia ina uzito wake. Mzee aombwe ridhaa kabla ya kupimwa, aelezwe kwamba ubongo unaangaliwa kama moyo na figo zinavyoangaliwa, asiulizwe maswali hayo mbele ya benchi zima, na majibu apewe yeye kwanza, kisha yule aliyemtaja mwenyewe.

Nisisahau kwamba hatari ya kiharusi haiko kwa wazee peke yao. Watoto wenye selimundu, ambao Tanzania ina wengi sana, hupata viharusi vya kimya wangali shuleni, na mtoto anayeshuka darasani huitwa mvivu. Hoja yao ni ileile, vipimo vyao ni vingine, na inastahili kipindi chake.

Anayempeleka mzazi kliniki mwezi ujao hana haja ya kungoja wizara itoe mwongozo. Beba vidonge vyote vilivyopo nyumbani, vya zamani na vipya, pamoja na vilivyobaki ambavyo havikupaswa kubaki, uvihesabu mbele ya muuguzi. Mweleze kilichobadilika katika mwaka mmoja uliopita kwa mifano: alikuwa akipokea hela kwa simu mwenyewe, sasa anaomba asaidiwe, alikuwa akipika vyakula viwili kwa wakati mmoja, sasa kimoja kinaungua. Omba hayo yaandikwe. Na kama kuna siku mkono uliishiwa nguvu au maneno yalikwama kwa dakika chache kisha yakarudi yenyewe, huenda ni kiharusi kidogo; usiseme kimepita, wala usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa maana siku chache zinazofuata ndizo ambazo kiharusi kikubwa huwa karibu zaidi.